Matanga ya Nyapara

Jumatatu, 3 Juni

Miguu imegoma tena kuingia kwenye viatu. Nimechukua wembe, nimepasua kiatu cha kushoto ubavuni, mguu ukaingia. Cha kulia nimekiacha bila kamba. Baba Yona amenitazama kutoka kitandani, hakusema neno. Afadhali. Asubuhi sina nafasi ya kusikiliza mahubiri ya mume.

Upepo wa mwezi huu unakata masikio. Nimetoka Unyambwa bado giza, nimefika getini kabla king'ora hakijalia. Malori ya alizeti yamepanga foleni mpaka barabarani, mengine yametoka Kiomboi jana na madereva wamelala chini yake. Msimu umewiva. Zamu ninayoisimamia nimeikuta imekaa juu ya magunia inapiga miayo. Nimewanyanyua wote.

Masanja wa boila amenisalimia huku anatazama miguu yangu. Ameuliza kama nimeanza kufuga viboko ndani ya soksi. Yeye Msukuma, mimi Mnyiramba, ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Amesema nikifa wasihangaike kunipeleka makaburini, wanifukie huko nyuma kwenye mashudu, yale makapi ya alizeti, wenye ng'ombe wakija kununua wanichote na mimi. Nimemjibu kwamba atatangulia yeye, na udongo nitaukanyaga mimi mwenyewe ushikane vizuri. Watu wamecheka. Kazi ikaanza.

Nimesimama mpaka jua limezama. Sikukaa hata mara moja. Wakae wanaochoka.

Jumanne, 4 Juni

Kichwa. Dawa mbili na maji. Mkanda wa mashine ya pili umekatika, tumeufunga, muda uliopotea tumefidia kwa kutokula mchana. Hakuna aliyenung'unika mbele yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ni siku yangu ya mapumziko na nimeipoteza hospitalini. Baba Yona kanisindikiza kama mtu anayesindikiza mhalifu. Daktari kanifunga mpira mkononi, kapima, kafungua, kafunga tena. Kauliza kama nimekuja kwa miguu. Nikasema ndiyo. Kasema presha yangu ni ya mtu anayetakiwa kuwa amelazwa. Anataka nipumzike mwezi mzima, nisisimame, nisipandishe hasira. Akaanza kuniandikia karatasi ya kupeleka kazini.

Nimemwambia asipoteze wino. Msimu wa alizeti mtu hapumziki. Kanijibu kwamba mishipa ya kichwani haijui msimu. Nikaondoka, karatasi nimemwachia mezani pake.

Njiani Baba Yona hakuongea. Anapasua mbao huyu, kazi yake ya useremala imemzoesha kukaa kimya na kitu mpaka kikubali. Mimi si mbao.

Dawa nimechukua. Nitameza. Inatosha.

Jumapili, 9 Juni

Kengele ya kanisa nimeisikia nikiwa juu ya ngazi ya tangi. Siku hizi Jumapili ni siku ya kazi. Mkurugenzi alisema mashine haijui Jumapili. Daktari naye ana mishipa isiyojua msimu. Kila mtu ana kitu chake kisichojua.

Kiwanda hiki nakijua tangu kikiwa shimo. Kokoto za msingi nilizibeba kichwani nikiwa na mimba ya Yona. Tuliambiwa ni mali yetu, na mimi ni mtu wa kuamini ninachoambiwa, nikaamini mpaka kwenye mifupa. Nikifagia, nilikuwa nafagia kwangu. Nikikuta boliti chini, naiokota kama mtu anavyookota kijiko cha nyumbani kwake. Mtu akiiba dumu la mafuta, nilikuwa silali.

Mwaka jana wakaja watu wenye mikoba. Wakapima, wakaandika, wakaondoka. Tukaambiwa shirika limefika mwisho, sasa ni soko huria, kiwanda kimeuzwa. Wenzetu wengi walipunguzwa siku ile ile, wakatoka getini wamebeba makoti yao mkononi. Mimi nikabaki. Kesho yake nikaendelea kuokota boliti.

Mkurugenzi mpya ni kijana, sawa na Yona wangu. Anakuja na pikapu yenye vioo vyeusi. Siku ya kwanza alitukusanya uani akasema sisi ni familia moja. Kisha zamu zilizokuwa tatu akazifanya mbili, mchana na usiku. Watu waliguna. Mimi ndiye niliyewaambia wajikaze kisabuni. Tangu hapo wananisema kwamba nimempenda tajiri. Wapuuzi. Yeye simfanyii kitu. Nakifanyia kiwanda.

Jumatano, 12 Juni

Halima wa kujaza madebe ameomba ruhusa. Mtoto wake wa mwisho ana surua. Nimemkatalia. Nyumbani ana mama yake, malori yako foleni, na nikimpa yeye kesho watakuja saba. Amerudi kwenye madebe analia. Nikamwambia afute macho, mafuta ya watu hayo. Wenzake wamenikata jicho. Shauri yao.

Jioni konda wa basi la Kiomboi kaniletea salamu za Dada Ruthi. Mama anauliza kama bado niko hai. Dada anasema nije nilale kwake, hata wiki. Ni maneno yale yale ya mwaka jana na mwaka juzi. Sikuenda kwenye ndoa ya binti yake, sikuenda alipopasuliwa. Konda kasubiri jibu. Nikamwambia aseme baada ya msimu.

Ningeomba vipi? Mkurugenzi alishatangaza kwamba atakayechukua likizo msimu huu ajihesabu ameacha kazi. Nilikuwepo. Nilitikisa kichwa kukubali.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeanguka.

Karibu na mashine ya kukamulia. Nilikuwa nawaonyesha kitu, ghafla sakafu ikapanda. Masanja kanidaka kwa mkanda wa koti. Angechelewa kidogo ningeingia kwenye mapanga kichwa kwanza. Nimezinduka niko juu ya magunia, Halima ananipepea na kifuniko cha debe. Halima, jamani.

Nimeinuka. Nimewaambia wasimwambie mtu. Wakarudi kazini isipokuwa Masanja. Alikuwa hacheki. Sijawahi kumwona Masanja hacheki.

"Mtani, leo sikutanii," akasema. "Nenda nyumbani."

Nimemwambia arudi kwenye boila yake kabla haijalipuka. Nimemaliza zamu. Hasira zimenifanya nimalize. Nani kamteua kunihurumia?

Jumatatu, 17 Juni

Jana nimekwenda. Leo nimekwenda. Vidole vya mkono wa kushoto vina ganzi, kijiko kimenidondoka mara mbili wakati wa kula. Nimesema ni baridi.

Baba Yona kafungua mdomo hatimaye. Kasema yeye alioa mtu, sasa anaishi na king'ora. Ameyasema taratibu, bila ugomvi, huku anakoka moto. Yameniuma kuliko kama angenipiga. Nikamwambia king'ora hicho ndicho kilichomsomesha Yona. 

Kesho naenda. Keshokutwa naenda. Wanione.

Jumanne, 18 Juni

Sikwenda.

Lazima niandike yote, la sivyo mwaka kesho sitaamini.

Alfajiri nimefungua mlango nitoke, nikakuta umezibwa. Masanja amelala kizingitini, kifudifudi. Wiki hii kahamia zamu ya usiku, ndiyo kwanza katoka, masizi ya boila bado usoni, na juu ya masizi kajipaka majivu. Nyuma yake Wasukuma wa mtaani, wake kwa waume, wote wa utani huo huo, wameshika matawi. Nilipomruka mmoja wakaanza kulia. Si kulia kwa mchezo mdogo. Kilio cha msiba, kile chenyewe, cha kushika kichwa na kujitupa chini. "Nyapara katutoka! Nani atatusimanga sasa?"

Kwenye msiba wa kweli watani ndivyo wanavyofanya. Wanalala njiani, wanaziba kaburi, wanavaa nguo za marehemu na kumwigiza, na maiti haisogei mpaka wafiwa wawape chochote. Hakuna wa kuwagusa. Ila huo ni utani wa mtu aliyekufa. Mimi nilikuwa nimesimama na kikapu changu cha chakula.

Nikasema pisheni, nachelewa. Masanja kajibu bila kuinua kichwa kwamba maiti haichelewi. Nikajaribu dirisha la jikoni. Wapo. Nikamwita Baba Yona awatoe. Baba Yona kaja, kaangalia, kavua kofia. "Poleni jamani," akawaambia. "Alikuwa mchapakazi." Kumbe alijua. Walipanga naye.

Mwanamke mmoja mnene kavaa koti langu la zamani, sijui kalitoa wapi, akaanza kutembea ua mzima kifua mbele, anasimama, ananusa hewa, anayapigia kelele mafiga. Akafika kwenye kuku akawakatalia ruhusa. Akaanguka. Akainuka, akasema asiambiwe mtu. Akaanguka tena, akainuka, akawapigia kelele wanaombeba. Watu wamevunjika mbavu. Baba Yona kashika mwimo wa mlango, machozi yanamtoka kwa kucheka. Muda gani sijamwona hivyo.

Mimi sikucheka. Nilijiona. Mwanamke yule alikuwa mimi kabisa, mpaka shingo. Nikatafuta hasira ya kumjibu, nikaikosa. Nikakaa kwenye mkeka, na nilipokaa Masanja akaja akanipaka majivu kidogo kwenye paji la uso. Nikamwacha.

Shida ni kwamba si kila mtu aliona mwanzo. Mama Hussein, jirani yetu, alisikia vilio akaja mbio anavuta kanga, akaanguka getini anasema innalillahi. Tumempepea yeye sasa. Jirani mwingine aliyekuwa anawahi basi la Kiomboi kasikia vilio, kaona majivu na matawi, kaendelea na safari na habari mdomoni. Na mlinzi wa kiwanda anayekaa mtaa wa pili naye kapita. Hakuuliza. Kakimbilia kazini kutoa taarifa kwamba Nyapara amefariki.

Jua lilipopanda, tukiwa tumetulia, mimi nakunywa uji ndani, kaja Shabani, karani wa ofisi. Nimemsikia ukumbini anaongea na Baba Yona. Hakumpa hata pole. Kasema Mkurugenzi kamtuma achukue funguo za stoo na koti la kazi, ni mali ya kampuni. Zamu kashapewa Halima.

Nikauliza kutoka ndani, "Na mashine?"

"Mashine zinaendelea," akajibu. "Kuna foleni ya malori."

Kisha akafikiri ni nani kamuuliza. Kachungulia. Kaniona na bakuli la uji na majivu yangu usoni. Karudi nyuma akamkanyaga kuku.

Nikamwambia akae. Nikamuuliza vizuri, neno kwa neno. Je, walizima hata kidogo? Zamani mwenzetu akifa tulikuwa tunazima mashine zote, tunavua kofia, tunasimama mpaka kimya kinakuumiza masikio, ndipo tunawasha. Tulimfanyia mzee wa mizani, tulimfanyia hata mfagiaji. Shabani kaangalia chini. Kasema Mkurugenzi alipopewa habari alikuwa anaongea na simu. Kaziba simu kwa mkono, kauliza nani anafuata, kaambiwa Halima, kasema haya, leteni funguo. Karudi kwenye simu.

Ndivyo nilivyozikwa. Kwa mkono kuziba simu.

Koti nimempa Shabani, nikamwambia aende akamwambie Mkurugenzi kwamba marehemu amekataa kutoa funguo. Hapo ndipo nilipocheka. Nimecheka mpaka Mama Hussein kaogopa.

Masanja na wenzake nimewapa jogoo, maana msiba wa watani hauondoki bure. Wamekwenda. Sasa nimekaa na nina hasira kama sijawahi kuwa nazo. Nilidhani nakifanyia kiwanda. Yule bwana aliponunua mabati na mashine, alinikuta mimi ndani na mazoea yangu ya kuokota boliti, akanichukua kama nyongeza. Na mimi nikajipanga rafuni mwenyewe.

Jumatano, 19 Juni

Wamefika. Basi zima.

Nilikuwa nimelala kwenye kivuli cha nyumba nikasikia vilio vinakuja kutoka barabarani, nikajua sasa hivi ndivyo vyenyewe. Dada Ruthi mbele, kajifunga kanga kiunoni, viatu mkononi. Kaka zangu. Wajomba ambao sikujua bado wanaweza kupanda basi. Unga, maharage, mbuzi. Watoto wa ndugu niliowaacha wakiwa wananyonya, sasa wana ndevu, wanalia kwa ajili yangu.

Nikasimama ili wanione. Nilikosea. Mjomba mmoja kageuka kukimbia.

Dada Ruthi hakukimbia. Kaja moja kwa moja, kanishika mashavu, kanigusa shingo, kisha kanizaba kofi. Mimi, mwanamke mwenye mjukuu. Kisha kanikumbatia na sote wawili tukakaa chini kwenye vumbi, hatukuweza kuinuka. Kanitukana kwa Kinyiramba kwa muda mrefu. Yote aliyosema ni kweli, sitayaandika.

Baba Yona kawaeleza. Wengine wamecheka, wengine wamenuna, mjomba kadai nauli kwa Wasukuma wote wa Tanzania. Masanja kaitwa, kaja kapiga magoti mbele ya Dada, kasema yeye alitaka kuliza watu wa mtaa mmoja tu, hakujua basi la Kiomboi lina mbio hivyo. Dada kamtazama. Kamuuliza kama ni yeye aliyenidaka pale mashineni. Kasema ndiye. Basi kampa paja la mbuzi kwa mkono wake.

Tumekula chakula cha matanga yangu. Kitamu. Nimekula sana.

Nawaza jambo moja, halinitoki. Maiti yangu ilipotajwa, hawa waliacha mashamba wakapanda basi. Nilipokuwa mzima hawakuja, kwa sababu sikuwa na siku ya kuwapokea. Na kule nilikozipeleka siku zangu zote, walitaka funguo.

Alhamisi, 20 Juni

Asubuhi nimekwenda hospitali kwanza. Daktari yule yule. Nimemwomba karatasi niliyoikataa. Hakunisimanga. Kapima, kakunja uso, kaandika mwezi mmoja, kapiga muhuri. Nikampa shikamoo ingawa ni mdogo kwangu, ilinitoka tu.

Kisha kiwandani. Dada Ruthi kashika mkono huu, Baba Yona ule. Nimewaacha getini, nimeingia mwenyewe. Taratibu. Kiatu kilichopasuka kinapiga chapa chapa kwenye saruji, kila mtu anasikia. Zamu yangu ikasimama kunitazama. Mmoja kajipiga msalaba.

Mkurugenzi katoka ofisini anacheka. Kasema nimewatisha, wazee wa Singida na mizaha yao, basi niingie kazini yaishe. Nikampa karatasi pale pale uani. Kasoma. Cheko likapungua.

Akasema, kwa sauti ya upole tu, kwamba ananiheshimu kama mama yake, ila kazi zikisimama kila mtu akiumwa, au akifa, tutakula nini.

"Hazikusimama," nikamwambia. "Nilikufa juzi, mashine zikaendelea. Kwa hiyo nikienda kulala zitaendelea vile vile."

Kasema nikitoka nisirudi.

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilijua neno hilo litakuja na nilijua litaniua pale pale, kiwanda nilichokibebea kokoto. Halikuniua. Nikasikia sauti yangu inatoka kubwa, ile ya kuita juu ya kelele za mashine.

"Nitarudi mwezi ukiisha, saa moja asubuhi. Saa tisa alasiri nitatoka. Ndivyo nilivyoajiriwa. Na Jumapili nitakuwa kanisani. Ulinunua mashine na mabati, bwana. Mimi sikuwemo kwenye bei."

Hakuna aliyepiga makofi. Wana watoto. Walisimama tu na madebe yao, lakini hakuna aliyeinamisha kichwa, na Mkurugenzi kaliona hilo kabla yangu.

Halima kavua koti langu akanipa. Kola bado ina alama ya jasho langu. Nimemrudishia. Nimemwambia alivae, ila mtu akiomba ruhusa, ampe. Kasema kwa aibu kwamba ameshawapa wawili. Nikamuuliza mtoto. Anaendelea vizuri, macho yamefunguka. Nikamwambia nilimkosea. Mbele ya watu wote. Hilo lilikuwa gumu kuliko la Mkurugenzi.

Funguo nimezitoa mfukoni nikampa Halima, si Shabani. Nimetoka.

Getini miguu iligoma, Baba Yona kanibeba mgongoni kuvuka barabara. Mtu mzima mimi. Watu wamecheka, wacha wacheke.

Ijumaa, 21 Juni

Masanja kaja na habari, hajakaa. Jana saa tisa kamili alasiri zamu ya Halima iliweka kila kitu chini ikatoka. Hakuna aliyepanga. Halima alivua koti, akalitundika, akaenda kwake, na waliobaki wakaona aibu kubaki. Zamu ya usiku nayo ikasema haiingii mpaka saa zijulikane. Mkurugenzi kaita walinzi. Walinzi wakauliza na wao zao ni saa ngapi.

Masanja amefukuzwa. Mkurugenzi kasema ni uchochezi. Masanja kasema boila kaiacha imezimwa salama, hakuna hata bomba moja limeumia, na alikuwa karibu kulia aliposema hivyo. Nikamwambia na yeye alikuwa nyongeza kwenye bei kumbe. Kacheka kidogo. Ana watoto watano huyu.

Naogopa. Niandike ukweli. Nyumba ngapi leo hazina uhakika wa unga kwa sababu mwanamke mmoja alipandisha sauti uani? Nimelala kidogo sana. Lakini sijutii. Nimejaribu kujuta, haikuja.

Jumanne, 25 Juni

Tuko Kiomboi. Mama kanipapasa uso, macho yake hayaoni vizuri tena. Alikuwa hajaambiwa kwamba nilikufa, kwa hiyo hakushangaa kuniona. Kauliza nina siku ngapi. Nikasema mwezi. Hakuamini, kauliza tena.

Saa za asubuhi naamka naruka. Mwili haujui. Natafuta viatu, Dada kavificha.

Jumamosi, 29 Juni

Konda kaleta habari. Kiwanda kimefunguliwa. Jumapili wamerudishiwa. Saa bado wanavutana, Mkurugenzi anataka kumi, wao wamegoma kwenye nane, na kila siku saa tisa wanatoka tu. Masanja bado yuko nje, wenzake wanamtaka arudi, tajiri kakaza shingo. Jina langu limefutwa kwenye ubao wa zamu. Limefutwa na nani, konda hajui. Mwezi ukiisha nitakwenda getini saa moja asubuhi. Wanifungue au wanifungie, nitakwenda.

Mkono wa kushoto umepata nafuu. Leo nimeshika kikombe mpaka kikaisha.

Mchana Dada Ruthi katoa kitu chini ya kitanda, kimekunjwa kwenye gazeti. Kasema hakujua akifanyie nini. Siku ile walipopata habari walipitia dukani wakachukua kitambaa cheupe cha kunizikia, pamba nzito, kipana. Dukani hawarudishi sanda. Kukitunza ni mkosi, kukitupa ni dhambi. Tumekaa tunakitazama wote wawili.

Nikamwomba sindano. Tumekikata katikati, tumekunja pindo, yeye upande huu, mimi ule. Imekuwa shuka mbili. Moja nimetandika kwenye kitanda cha chumba cha uani. Kitambaa kizuri, bado kinanuka duka, baridi mgongoni.

Nimejilaza mchana kweupe. Nje mbuzi wanapita, Mama anaongea peke yake, mtu anatwanga. Nimelala mpaka jua likahama dirishani.

Sasa nimeamka. Nitaandika mistari hii, kisha nilale tena.